Bi. Theopista, Muuza Mawaridi Aliyewafukuza Wateja

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Theopista Nestori anastaafu, baada ya kukitumikia Kitalu cha Mwangaza, hapa Misunkumilo, Mpanda, kwa miaka thelathini na miwili. Katika muda huo ameuza mawaridi mengi, na aliyokataa kuuza ni mengi zaidi. Uongozi ulimwonya mara kadhaa. Hakuonyeka.

Alikuja akiwa binti kutoka Mpimbwe, akaanza kwa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mawaridi. Cheo hicho alikikalia kama hakimu. Mteja akiingia, kabla hajauliza bei, anaulizwa yeye: kwako jua la asubuhi linapiga upande gani? Kiangazi maji unayatoa wapi? Mbuzi wa jirani wanafungwa? Asiye na majibu alirudishwa nyumbani akaangalie.

Tuseme ukweli, wengi walistahili. Mji huu una watu wanaochagua waridi kama wanavyochagua kitenge, kwa picha ya kwenye simu. Mtu anataka lile refu la bua moja, lililozoea baridi ya milimani, aje kulipanda Ilembo kwenye changarawe, mwezi wa tisa, jua likipasua mawe. Mwingine analiweka kivulini nyuma ya choo, halafu analalamika halitoi maua. Yupo anayemwagia majani maji kila jioni badala ya mizizi, na madoa meusi yakiingia anasema amelogwa. Bwana mmoja alitaka miche ishirini ya rangi ishirini kwa uwanja usiotosha kugeuzia baiskeli. Bi. Theopista alimtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Baba, wewe huhitaji bustani. Nunua shuka la maua."

Dharau hiyo tuliizoea, na wengine tukaiiga. Aliyekuja kuipunguza makali ni mwanamke wa kijiji cha Kasekese.

Ilianza kwa mume wake, Mzee Manyanda, mfugaji aliyehamia huku kutoka Usukumani na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Aliingia kitaluni na fimbo yake, akasema anataka rozi nyekundu. Nyekundu kabisa.

"Ya nani?" Bi. Theopista akauliza.

"Ya mke wangu, Nyamizi. Macho yake yameisha. Haoni tena."

"Sasa mzee wangu, unamnunulia rangi mtu asiyeona? Hizo nyekundu nilizonazo hazina hata harufu."

Akamchagulia la rangi hafifu, kichaka kifupi, linalonukia mpaka barabarani, lenye miiba michache ili mgonjwa akipapasa lisimchome. Sisi tuliokuwepo tulimsifu. Na kwa kuwa hakumwamini mfugaji na jembe, alipanda lori la mahindi akaenda mwenyewe kulipanda.

Kasekese alichimba shimo upande wa mashariki wa nyumba, akatia samadi iliyooza vizuri, akawakemea ng'ombe, kisha akamkemea mwenye ng'ombe. Nyamizi alikuwa kibarazani akimenya karanga, akisikiliza. Aliposikia kelele zimetulia akauliza, "Ni nyekundu?"

"Hapana, mama. Nimekuletea linalonukia. Litakufaa zaidi."

Nyamizi akaweka ungo chini. "Nani kakwambia nataka kunusa? Mimi nimepofuka, sijafa. Wageni wangu wana macho. Tangu niugue, watu wanapita pale njia panda wanasema nyumba ya Nyamizi imekwisha. Nataka waone nyekundu, waseme Nyamizi yupo. Hilo lako mpe anayetaka kulala."

Mzee Manyanda akageuka kuhesabu ng'ombe ambao hawakuhitaji kuhesabiwa. Na mwanamke aliyewahi kuwanyamazisha wakubwa wa mji huu kwa sentensi moja aliokota jembe lake, akaenda barabarani kungoja lori.

Alirudi Mpanda amevimba kwa hasira. Tulidhani amemkasirikia Nyamizi, kumbe amejikasirikia mwenyewe, na aliyemsogelea wiki ile alikiona. Kisha tukamwona anapita kwenye matuta akichagua: miche miwili ya waridi jekundu la vichaka, lile la majani mazito linalovumilia joto na kuchanua kwa mafungu, si ua moja moja la kutafuta kwa tochi. Akarudi Kasekese. Akaipanda mbele ya nyumba, kwenye jua, mbali kidogo na kibaraza, akaizungushia matawi ya mgunga ili ng'ombe wakose hamu. Radhi hakuomba, si mtu wa radhi. Alimshika Nyamizi mkono, akamfikisha kwenye uzio, akasema, "Ni hapa. Kutoka njia panda wataona."

Yalipochanua, wanawake waliokuwa wakipita moja kwa moja walianza kusimama. Waliosimama walikaribishwa, na waliokaribishwa walipewa karanga wamenye. Lile la harufu halikung'olewa. Nyamizi alisema ni la mumewe, maana ndiye anayelala sana.

Tangu hapo, kabla ya jua, maji na mbuzi, Bi. Theopista aliongeza swali: mwenye nyumba mwenyewe anataka nini? Jibu likiwa la kipuuzi aliendelea kukucheka usoni. Ila baada ya kucheka aliinuka, akakutafutia waridi linalokaribiana na upuuzi wako na lenye uwezo wa kuishi nao.

Sasa anarejea Mpimbwe, ambako ndugu zake wanalima mpunga na ambako, kwa maelezo yake, hakuna aliyewahi kupogoa waridi la kanisa ipasavyo. Tunawaonea huruma. Dada yetu, asante kwa miche uliyoilea na kwa maneno makali yaliyotulea sisi. Tunakutakia afya njema, mvua za kutosha, na majirani wenye ubavu wa kukujibu.

Respicius,
kwa niaba ya wafanyakazi wa kitalu