Toa Mkono Juu ya Pipa

Sogeeni, wanangu. Gavin, funga mlango, wateja wa baa huko chini watajihudumia. Nani katika mji huu asiyejua kuvuta ule mpini wa bomba la bia? Rhona, kaa hapa karibu na unisikilize kwa masikio yote mawili, maana pumzi ninayosemea ni ya kuazima.

Tangu jana mmenipandishia pipa hili chumbani, mkaligongesha kwenye kila kipandio cha ngazi, likavurugika lote, na kwa kuwa bia yetu ikitikiswa hainyweki mpaka mashapo yatue chini, mkaniambia, "Vumilia kidogo, baba, litulie." Haya! Mtu anakata roho, anaambiwa aisubiri bia. Nimesubiri. Mimi na pipa tumekodoleana macho usiku kucha, na sijui nani alikuwa mfungwa zaidi, lenyewe lililozibwa kigingi au mimi niliyegandamana na godoro.

Mila mnaijua. Anayekwenda anaonja, anayebaki anaonja, kisha anayebaki anaweka mkono juu ya pipa na kuapa kwamba hapa haitauzwa bia kabla mtu wa damu yetu, ya Laidlaw, hajaionja asubuhi ya siku hiyo. Mimi nilimwapia baba yangu, chumba hikihiki, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Ahadi ni deni, wanangu, na lile nimelilipa kwa maisha yangu, maana pipa likishafunguliwa halijui harusi wala msiba: siku tatu, linachacha, na kabla halijakauka jingine limeshafunguliwa. Mama yenu Jessie alikuwa na dada yake Dunedin, upande wa pili wa dunia. Kila mwaka ananiuliza, "Wattie, tunakwenda lini?" Nami namjibu, "Siwezi, mke wangu, pipa liko wazi." Hakugombana nami. Aliacha kuuliza, basi. Dada mtu akazikwa bila sisi, na mama yenu tukamzika hapo kanisani, mahali anapoweza kusikia mlango wa baa ukifungwa.

Sasa juzi, Rhona, nimekusikia. Sakafu hii ni mbao tu. Wale watu wa meli za Norwe walikupigia simu, wanakutaka ukawe fundi wa injini kama ulivyosomea, nawe ukawajibu, "Siwezi, pipa liko wazi." Maneno yaleyale, mwanangu! Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku daktari aliponiambia habari zangu.

Lete kikombe. Usikijaze, mkono hauna nguvu. Mmh. Ngoja. Nipe tena.

Ee Mungu wangu. Kimea kimekaangika hadi kinanukia ukoko wa mkate, utamu unakuja na harufu ya sukari iliyoungua, kisha unaondoka taratibu, uchungu unabaki kidogo tu nyuma ya ulimi. Nayo ina ubaridi wa ghala, si wa barafu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo maana sijakusifu tangu ulipoanza kushika mwiko. Leo nakuambia, Rhona: bia kama hii sijapata kuipika, wala baba yangu. Laiti ingekuwa mbovu! Ningekufukuza kwa kicheko. Sasa roho yangu yote inataka uape, sikufichi, inataka mno. Mtego bila chambo haunasi, na chambo ndicho hiki kikombe.

Toa mkono juu ya pipa. Rhona! Toa, nimesema! Gavin, mwondoe dada yako mkono. Hivyo. Usilie, mama.

Sikilizeni. Nyumba na baa ni vya Gavin. Nini? Nani atapika bia? Wewe nawe! Nunua ya watu, uza chai, uza pai za kondoo! Na ukimlaumu huyu, hata kwa kumnunia, radhi yangu huna. Masufuria ya shaba uzeni, mgawane. Hamira ipelekeni ng'ambo ya daraja kwa Tam Scobie, mpika bia mwenzetu. Ndiyo, Scobie huyohuyo. Yake ilipokufa alikuja hapa na ndoo kuomba, baba akamfukuza kwenye mvua, na tangu hapo hatujasalimiana. Ndoo aliiacha nyuma ya mlango. Mpelekeeni kwa hiyohiyo.

Maji... Hapana, si bia. Maji.

Pipa hili lisirudi chini, litavurugika tena. Watakaokuja kunizika wapande ngazi na vikombe vyao, wanywe mpaka bomba litoe upepo. Msifungue jingine. Mwenyezi Mungu awape safari, wanangu, na awape... wa kuwapokea mwisho wa safari. Mimi niko radhi nanyi. Wote wawili.

Rhona. Simu unayo? Wapigie wale watu. Sasa hivi, ningali nasikia.

Waambie... pipa limekwisha.