Salamu Zisizo na Jina

Basi lilikaribia Rodi Kopany, na Kultum, muuza leso, alikuwa ametegea sikio bila haya kiti cha mbele, alikoketi Bosibori, muuza dagaa waitwao omena. Mtu asiyejitaja alikuwa ametuma kadi ya salamu redioni: "Salamu kwa Bosibori wa Rodi, anayetulisha omena na mchanga." Mtangazaji akaisoma, soko zima likasikia.

"Dada, na wewe tuma yako, umchambue huyo aliyekutumia! Usiandike jina," Obuya, jirani wa Bosibori sokoni aliyeketi kando yake, alimsihi.

"Kitu nisichoweza kumwambia mtu nikimwangalia machoni, sitakituma redioni," Bosibori akajibu.

"Watasema umeogopa."

"Waseme."

Basi likasimama. Kabla hajakanyaga chini, Bosibori akapaza sauti: "Omena ya Bosibori! Ndiye mimi! Leteni ungo mpepete wenyewe!"

Kultum, aliyelipa nauli ya kufika Rongo, akashuka amfuate, aone soko litamjibu nini.