Kikombe cha Chai na Jina la Kaka Yangu

Ndugu zangu, amani ya Bwana iwe nanyi. Mchungaji amenipa dakika chache na nitajaribu kutii, ingawa wanaonijua pale Kenyatta Market wanajua nikishika kichwa cha mteja kumsuka naongea mpaka rasta ya mwisho. Mimi ni Ndunge. Yule mama aliyekaa karibu na mlango na mtoto mapajani ni mama yangu mzazi, na mtoto ni wangu. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto huyo, na ushuhuda wangu unahusu gemu. Najua wengine mmeshtuka. Nivumilieni.

Tulikulia Woodley, mimi na kaka yangu Mutua. Baba yetu alikuwa karani wa jiji, na alitangulia mapema. Tukiwa wadogo mjomba alituletea mashine ya gemu, ile ndogo ya kushika mkononi, pamoja na kaseti moja. Ndani ya kaseti hiyo mlikuwa na nchi nzima: misitu, mapango, majoka, wachawi, na ngome kubwa mwisho wa safari. Unaongoza watu watatu, na kabla hujaanza gemu inakuuliza wanaitwa nani. Mwenye upanga Mutua alimpa jina lake mwenyewe. Mwenye upinde akamwita Ndunge. Wa tatu alikuwa mwanamke wa joho jeupe, ambaye hapigani sana. Kazi yake ni kuponya wenzake wakiumia. Huyo Mutua akamwita Mama, bila kufikiria mara mbili. Nyumbani kwetu nani mwingine aliponya watu?

Tukakua, mashine ikaingia katoni chini ya kitanda cha Mama. Mutua akawa fundi wa umeme, mtu wa kupanda ngazi kutwa, hajui kutulia. Halafu figo zikakataa. Ikawa ni kwenda kusafishwa damu kwa mashine, kukaa kwenye kiti saa nyingi mkono umenyooshwa. Ndipo akaniambia nimtafutie ile gemu ya zamani. Nilifikiri ni mzaha. Akaanza safari upya kutoka kijijini, kwa majina yaleyale, nami nimekaa kando yake.

"Ndu, ona," ananiambia, "hapa ndipo joka lilitupiga ukalia."

"Ni wewe ulilia."

"Haya basi, tulilia."

Ndugu zangu, nilimwona kaka yangu akicheka kwenye kile kiti. Watu wengine pale walikuwa wanatazama dari.

Nyumbani Mama alikuwa anafunga na kuomba. Akina mama wa ushirika walikuja wakamwekea Mutua mikono. Tuliamini, na yeye aliamini. Alifika mpaka kwenye lango la ngome ya mwisho, akahifadhi safari yake hapo, akasema ataendelea akija tena. Hakuja tena. Alilazwa wodini, na tukamrudisha nyumbani Machakos kumzika.

Baada ya mazishi Mama aliigeukia ile mashine. "Mwanangu amekufa akichezea wachawi," alisema. "Hiyo kitu ichomwe." Na mnakumbuka kipindi kile kanisa lilikuwa linaleta vitu vya maisha ya zamani vichomwe, hirizi na nini. Mimi niliificha salon, kwenye droo, chini ya vitana. Nilikuwa mjamzito wakati huo.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Kwetu Ukambani jina la mtu halizikwi naye, kwa hiyo Mama akampa jina la Mutua, na akaanza kumwita "mwanangu" kana kwamba amemzaa yeye. Kila mtu alimwita Mutua. Mimi sikuweza. Nilimwita Toto. Kliniki wakiniuliza jina la mtoto nawapa kadi wasome wenyewe.

Sababu ilikuwa kwenye ile droo. Wateja wakipungua, nilikuwa natoa mashine, nawasha, na namkuta Mutua amesimama langoni na upanga wake. Simpeleki mbele wala nyuma. Namtazama tu, kisha nazima. Niliona nikimwita mtoto kwa jina lile, nitakuwa nimekubali kwamba yule wa langoni hayupo tena. Hapa mbele nilikuwa naimba nanyi kila Jumapili, na ndani moyo umefungwa kama maduka ya mjini siku ya maandamano. Sikulia siku ya mazishi na sikulia baadaye. Maombi yangu yalikuwa ya mdomo.

Siku moja nikawasha, picha ikakataa kabisa. Nilimwacha mteja na nusu ya kichwa, Mungu anisamehe, nikakimbia mjini kwa fundi mmoja wa redio na televisheni, juu ya ngazi, barabara ya Luthuli. Akaifungua, akasafisha meno ya kaseti, picha ikarudi. Nikashusha pumzi. Halafu akanionyesha kitu cha duara ndani yake.

"Madam, kaseti za zamani ziko na kabetri. Hako ndiko kanakumbuka mahali ulifika. Haka kamechoka. Siku yoyote kanakufa."

"Si ubadilishe."

"Nikikatoa inaweza kusahau kila kitu. Naweza jaribu, lakini siwezi kukuahidi. Afadhali umalize gemu yako kabla haijazima."

"Siwezi kumaliza."

"Kwani ni ngumu?"

Nikamwambia ndiyo, ni ngumu. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi zake, watu wananiruka na televisheni zao mabegani. Nikasema, Bwana, nilizika kaka mmoja na nimeshindwa. Unataka nizike wawili?

Nilienda moja kwa moja kwa Mama Woodley, ambako mtoto hushinda. Ilikuwa Jumamosi mchana, mtoto amelala chumbani. Nikaiweka ile mashine mezani, nikisubiri anifokee.

"Nilijua unayo," Mama akasema. "Leta niwaone hao wachawi."

Akavaa miwani. Nikawasha, nikamweleza habari ya betri na lile lango. "Huyu ni nani?" Mutua. "Na huyu?" Ni mimi. "Na huyu wa nguo nyeupe?"

"Huyo ni wewe, Mama. Mutua alikuweka."

"Nafanya nini hapo?"

"Unaponya. Mtu akiumia, wewe ndiye unamponya."

Mama aliinamia mashine. Akavua miwani, akaishika mkononi. Halafu akauliza, "Na mbona hakupona?"

Ndugu zangu, swali hilo hakuna aliyekuwa amelitamka nyumbani kwetu. Siku ya mazishi tuliambiwa kazi ya Mungu haina makosa, tukaitikia, tukafunga midomo. Sasa Mama alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka jibu.

"Nilikuwa nimefunga, Ndunge," akasema. "Ile wiki ya mwisho. Jirani akaja kunitembelea, akapika chai, akaniwekea mbele. Nilikuwa nimechoka, nikasahau, nikanywa. Kikombe kizima. Tangu hapo nafikiria ile chai. Nikaona heri nilaumu gemu."

Mama yangu! Wakati mimi namficha Mutua kwenye droo, yeye alikuwa anabeba kikombe cha chai kifuani. Tulikuwa tunakutana kila siku, ananipokea mtoto, namuuliza ameshindaje, anajibu ni salama.

Nikapiga magoti pale kwenye zulia. "Mama, si chai. Mutua alikuwa mgonjwa wa figo. Mungu gani atamnyima mtoto uzima kwa sababu mama yake amechoka akanywa chai? Huyo simjui, na si wewe uliyenifundisha huyo." Nikayasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka, na hapo machozi yakaja. Yalikuja yote, na ya mazishi, na ya baada ya mazishi. Tulilia mimi na Mama mpaka tukaishiwa na leso.

Alipotulia akarudisha miwani. "Maliza," akasema. "Usimwache mwanangu mlangoni."

Tukaingia ngomeni. Mimi napiga, Mama ameinama begani kwangu, anauliza, "Niponye sasa?" Namwambia ponya, Mama, na anabonyeza kwa kidole chake gumba kwa nguvu zote. Tulipigana na yule mfalme wa giza muda mrefu. Mwishoni Mutua akaanguka. Mama akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mbona haponyi?"

"Nguvu zako zimeisha, Mama. Ulizitoa zote."

Alivuta pumzi ndefu. "Nilizitoa zote," akasema taratibu. "Basi tunafanyaje?"

"Tunaendelea sisi wawili."

Na tukaendelea, na tukashinda sisi wawili. Nilikuwa nimesahau kwamba mwisho wa ile gemu wote watatu husimama pamoja mlimani jua likichomoza, na aliyeanguka akiwamo. Mutua akasimama katikati yetu, upanga mkononi. Mama akatazama sana. Akasema, "Hii ndiyo wamekuwa wakinihubiria tangu nikiwa msichana. Leo ndiyo nimeamini."

Mtoto akaamka chumbani, akalia. Siku zote ni Mama anayeinuka. Siku hiyo hakuinuka, alinitazama tu. Nikaenda mlangoni. Amesimama kwenye kitanda chake, ameshika mbao, mashavu yamelowa. Nikasema, "Mutua." Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Akanyamaza, akaninyooshea mikono, kwa sababu yeye jina lake alilijua siku nyingi. Ni mimi nilikuwa nimechelewa.

Ile betri imekufa. Nikiwasha sasa gemu inaniuliza tu majina, kama mwanzo. Sijayaandika bado, na nalala usingizi.

Pengine hapa ndani yuko mtu anayebeba kikombe chake cha chai. Uliomba na mgonjwa hakupona, na umekaa ukitafuta kosa lako liko wapi. Nakusihi kwa upendo wa Kristo, kiweke chini leo. Ulitoa nguvu zako zote na Mungu aliona. Mwamini yeye kwa pale zako zilipoishia. Na kama yuko mtu uliyemsimamisha langoni kwa sababu unaogopa kumwachilia, mwachilie aingie. Bwana yuko upande wa ndani.

Nimemaliza, Mchungaji. Nimebakisha kitu kimoja. Mtoto ameanza kutembea juzi juzi, kwa hivyo tafadhali wapisheni hapo katikati.

Mama, mwachilie.

Mutua. Njoo, mwanangu.