Nyirangabo na Kiti Alichonyimwa

Mama Nyirangabo alizaliwa mwaka 1951 katika msitu wa Kalehe, Kivu ya Kusini, katika familia ya Batwa, wenyeji wa kwanza wa msitu ule. Tarehe haikuandikwa. Alipokuwa kijana, serikali iliufanya msitu ule hifadhi ya wanyama. Watu wakafukuzwa bila shamba wala fidia. Wanyama walibaki.

Shule hakuiona. Alipoomba daftari aliulizwa, Mtwa anasomea nini?

Mwaka 1972 aliolewa na Zenoni, mfinyanzi wa vyungu. Walizaa watoto sita, wakazika watatu. Vita viliwasukuma hadi kambini Tanzania mwaka 1998, na huko Zenoni akafariki. Mwaka 2006 mwalimu mmoja aliwasomea wakimbizi katiba mpya ya Kongo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, sisi Batwa tuko ukurasa gani?" Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Alifika Louisville, Marekani, tarehe 9 Oktoba 2012, akakaa mtaa wa Beechmont, akafanya kazi ya kukunja mashuka ya hospitali kiwandani. Kila harusi ya Wakongomani aliitwa acheze ngoma, na hakuna aliyemfikia. Lakini Umoja wetu wa Wakongomani wa hapa ulipogawa viti vya kamati, kila kabila kiti kimoja, Batwa hawakupewa. Watu waliofukuzwa kwao walivuka bahari, wakaja kumfungia yeye mlango.

Akiwa na miaka sitini na mitatu, alijifunza kuandika jina lake katika darasa la kanisani. Barua ya kwanza aliyoitia sahihi, tarehe 14 Machi 2015, iliomba kiti. Rais wa Umoja, Mzee Zihindula, alimjibu mkutanoni.

"Bon, Mama, nyinyi muko batu kidogo. Sisi tutabasemea mu kamati."

"Prezida, kinywa yangu inafaa kukula bugali kwako. Ya kusema inakosa nini?"

Ukumbi ukacheka. Barua haikupigiwa kura.

Novemba mwaka huohuo madaktari waligundua saratani ya ini. Mzee Zihindula alikuja hospitalini na juisi, akasema suala la kiti linaangaliwa. Mama akamuuliza, "Tarehe gani?" Mzee akafumba macho, akaanza kuomba.

Mama alifariki Jumapili tarehe 1 Mei 2016, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa binti yake Dative.

Kwa desturi yetu, wasifu wa marehemu husomwa mazishini na rais wa Umoja. Juzi alileta karatasi yake: "mchezaji wetu mpendwa." Neno Mtwa halikuwamo. Dative aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akamrudishia.

"Hapana, Mzee. Tutajisemea."

Ndiyo maana leo, Jumamosi tarehe 7 Mei, mnausikia kutoka kwa familia.

Ameacha Dative wa hapa Louisville, Elie wa Columbus, Alliance wa Buffalo, na wajukuu tisa. Kamati inakutana Jumamosi tarehe 21 Mei, saa nane mchana. Dative atakuja na kiti cha jikoni kwake, atakiweka kando ya meza ya kamati, atakaa.

Mungu ampe Mama pumziko la amani, ambayo sisi wa Umoja hatukumpa.