Karafuu Shavuni

Fundi cherehani alikuwa akienda kung'oa jino, karafuu kaibana shavuni, ndipo binti wa maabara aliyeketi naye kwenye treni akamwonyesha kwenye simu picha ya kisahani cha kuoteshea vijidudu. "Huu ukungu wote ni vijidudu, mama. Hapa katikati nilidondosha mafuta ya karafuu." Katikati palikuwa peupe pe, kama mwezi uliofukuza mawingu.

"Makubwa! Karafuu hii hii niliyonayo mdomoni?"

"Hiyo hiyo. Kila nikiitazama picha hii mwili unanisisimka."

"Basi daktari wa nini?"

"Mama, kisahani si jino! Lako limeoza mpaka ndani, huko karafuu haifiki."

"Itafika polepole."

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Binti akampisha. Fundi hakuinuka; aliisogeza karafuu kwa ulimi, taratibu, kama anayemsogezea kiti mgeni wa heshima.