Tak Myeong-gyu, Mpigaji wa Kengele za Mawe

Sehemu ya habari hii tuliisikia kwanza kwa mama yetu, Gu Seon-rye, siku ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, ya mwaka 1999, tukiwa tunakanda unga wa mchele, kwa kuwa baba mwenyewe hakuwahi kuisema.

Baba yetu, Tak Myeong-gyu, alizaliwa hapa Andong tarehe 14 Machi 1940, akiwa mtoto wa pekee wa mama mjane. Mwaka 1956 alijiunga na shule ya muziki wa kifalme, Seoul, akapangiwa chumba kimoja na Pyo Ik-hwan, wakawa kama ndugu wa tumbo moja. Alipohitimu alikabidhiwa kengele za mawe katika hekalu la Jongmyo, wanakotambikiwa wafalme, na vyombo vingine vyote vilifuata sauti ya mawe hayo. Alimwoa mama tarehe 20 Oktoba 1968, wakajaliwa watoto wawili, Jun-seop na mimi, Ha-yeong.

Ijumaa tarehe 4 Mei 1979, wanamuziki wakiwa wamejitenga kujitakasa kwa tambiko la Jumapili, bibi, mama yake baba, alifariki huku Andong, na kwa kuwa mfiwa haruhusiwi kuingia hekaluni, baba alipaswa kuondoka mara moja akavae nguo za msiba. Simu ya mjomba wake ilipokelewa na Bwana Pyo, mshika kibao cha kuanzisha na kumaliza muziki, akaahidi kumpa habari saa ile ile, kisha akanyamaza, akala naye, akalala naye chumba kimoja. Jumapili baba aliwapigia wafalme mawe, na saa hizo hizo bibi alikuwa akizikwa bila mwanawe.

Bwana Pyo alimwambia walipokuwa wakivua majoho mekundu, na mama, aliyemletea chakula mlangoni, alisikia yote.

“Ningekwambia ungeondoka, Myeong-gyu, na mawe angepiga nani?” alisema Bwana Pyo. “Halafu mama yako mwenyewe angefurahi, alivyokuwa akijivunia wewe sokoni!”

“Wafalme wana watu chungu nzima wa kuwalilia, we Ik-hwan,” baba akamjibu. “Mama alikuwa na mimi tu.”

Aliweka nyundo chini, akapanda treni, akakuta kaburi limeshafukiwa na kutandazwa nyasi.

Hekaluni hakukanyaga tena, akafungua duka la kurekebisha piano karibu na soko la Nagwon, kule kule Seoul, akalifanyia kazi hadi mwaka 2008. Mwaka 2015 alianza kuugua mapafu, akafariki Alhamisi tarehe 9 Novemba 2017, alfajiri, sisi wanawe tukiwa tumemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nagwon waliotupikia supu ya msiba, na mafundi wenzake waliobeba jeneza.

Baba, lala salama ubavuni mwa mama yako.

Kati ya waliohusika, bibi, mjomba na mama wametangulia, na aliye hai ni Bwana Pyo Ik-hwan peke yake, anayeishi Suwon, ambaye shada lake la maua lilifika jana, na familia imelirudisha.