Dada Mkubwa na Shamba Lililolala

Nani kati yenu mlioketi hapa hajawahi kumwonea ndugu yake wivu? Ainue mkono. Marehemu asingeinua, na wasifu huu hautamwinulia.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ginneri, kiwanda cha kuchambua pamba, kifungua mimba wa mabinti wawili. Alisoma hadi darasa la saba. Mdogo wake aliendelea mpaka chuo cha ushonaji, na hilo marehemu hakulisahau.

Mwaka 1974 aliajiriwa ginneri kupima pamba. Mwaka uliofuata aliolewa na fundi wa mashine, aliyefariki mwaka 2003. Walijaliwa watoto watatu.

Lakini moyo wake ulikuwa shambani. Baba yao aliwagawia mabinti wake nusu kwa nusu, mpaka ukiwa mtaro. Mwaka 1989, ukame ulipozidi, mdogo alibeba cherehani yake akahamia mjini. Nusu yake ikalala. Miaka ya mwanzo ardhi iliganda gamba, mvua ikateleza juu yake kama kwenye sakafu, upepo ukaondoka na vumbi. Marehemu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shamba la bibi wa mjini hilo! Hata panzi akipita hapo hubeba chakula chake."

Kisha nyasi zikashika, vichaka vikafuata. Majani yakaoza chini yake, mchwa wakatoboa lile gamba. Polepole mno, udongo wa juu ukawa mweusi, ukashikana kwa vidonge vidogo, ukaanza kunywa maji. Upande wa marehemu, aliyelima kila msimu na kuchoma mabua ili shamba lionekane safi, udongo ulizidi kupauka.

Mwanawe wa mwisho, aliyesomea udongo chuoni, alipima pande zote mbili.

"Mama, kwa mama mdogo kuna mboji maradufu."

"Mimi nimevunjika mgongo, yeye kakaa kwenye kiti anashona, halafu udongo unamnenepea yeye?"

"Udongo haujui mwenyewe ni nani, mama. Pumzisha hata robo."

"Nipumzishe ili aseme nimemuiga? Thubutu!"

Mwaka huo alilima mpaka ukingo wa mtaro.

Alianza kuugua moyo mwaka 2021. Mdogo wake alirudi kumuuguza. Marehemu alikunywa uji wote aliopikiwa naye, kisha akasema umepoa. Wosia wake ulikuwa mmoja: "Nizikeni upande wangu. Nisisikie mtu akisema kwa mdogo wangu kulichimbika vizuri zaidi."

Alifariki dunia Jumatano jioni, tarehe 14 Agosti 2024. Ameacha mdogo wake, watoto watatu, wajukuu saba na nusu ya shamba ambayo sisi wanawe tutailaza, atusamehe. Mama, pumzika, na udongo wako tutaupumzisha.

Asubuhi iliyofuata kifo chake, kabla wasifu huu haujasomwa, mwanawe wa mwisho, yule aliyesomea udongo, alishuhudia wachimba kaburi wakigonga tabaka gumu lililoshindiliwa na miaka ya plau. Mpini wa sururu ukakatika. Mmoja wao akatazama ng'ambo ya mtaro.

"Si tuhamie kule? Kule laini."

Mama mdogo akavua viatu, akashuka shimoni, akamnyang'anya jembe.

"Nani kakwambia hapa pagumu?" alisema, jasho likimtoka. "Dada yangu kalima hapa tangu usichana wake. Hapa laini. Chimba!"